Makasia ya Ijumaa

Kohinur akimwambia mumewe alete chumvi, mumewe hutamka kwanza, "Chumvi, kuletwa." Ndipo hunyanyuka. Akirudi na kibakuli huripoti, "Chumvi imeletwa," na hakai mpaka mkewe aseme sawa. Watoto wa kijiji chao, Ichhanagar, huja kusimama dirishani saa za chakula ili wasikie hayo, kisha huenda kuyaigiza kwao. Nurul Absar hajali. Ni mshika usukani wa meli za mizigo, vyombo virefu kuliko soko zima la kijiji chake, na kila amri anayopewa huirudia kwa sauti kabla mkono haujasogea. Ndivyo wafanyavyo washika usukani wote, lakini wenzake tabia hiyo huiacha ngazini wanaposhuka meli. Yeye ameshindwa kuiacha. Sisi tunaovuka mto pale mara kwa mara tunaijua sababu, kwa kuwa ameisimulia mwenyewe, huku akicheka.

Alizaliwa upande wa kusini wa mto Karnaphuli, ukiutazama mji wa Chattogram ng'ambo, na baba yake alikuwa mtu wa sampani. Sampani ni mashua yenye tumbo pana, nyuma imegawanyika pembe mbili. Mwenye chombo husimama huko nyuma, uso mbele, kasia moja kila mkono, akisukuma. Makasia hulia kwenye kamba zake, na waliokulia ng'ambo ile hutambua kwa mlio tu ni nani anayevuka. Usukani hakuna. Ukitaka chombo kielekee kushoto, mkono wa kulia ndio unaosukuma zaidi. Ukitaka kiende kulia, unasukuma wa kushoto. Absar aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Baba yake alipofariki, aliyemalizia kumfunza ni mwenzake baba yake, Badi Alam, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina na ulimi usiopumzika.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ikiisha. Daraja lilikuwa limeshajengwa juu ya mto, na boti za mashine zilikuwa zikivusha watu kabla mwenye sampani hajamaliza kukunja shuka lake kiunoni. Absar alikuwa ameoa, na Kohinur alikuwa mjamzito. Akaomba nafasi katika chuo cha mabaharia kilicho upande wa pili, karibu na mdomo wa mto. Chuo kile hakichukui mtu aliyevuka umri fulani, na Absar alikuwa amebakiwa na mwaka huo tu. Akikosa cheti, mlango haufunguliwi tena kwake. Atarudi kwenye makasia, na makasia yalikuwa yanakufa.

Chuo kina ukuta mrefu, na getini pana nanga kubwa iliyopakwa chokaa. Ndani yake huingia watu wa kila namna: wana wa wakulima wa mpunga, wa wauza vitambaa, wa wavuvi. Wananyolewa, wanavikwa nguo nyeupe, wanaamshwa kwa filimbi, wanapigishwa gwaride uwanjani na jua halijatoka. Wanafundishwa mafundo, kuzima moto, kushusha mashua ya kuokolea, kuruka majini kutoka juu. Ukikaa kivulini ukawatazama, unaweza kudhani wanafundishwa bahari. Bahari watakutana nayo wenyewe. Pale wanafundishwa jambo gumu zaidi: kuacha kufuata jicho lako na kufuata jicho la mwingine. Kwenye meli kubwa afisa ndiye anayetazama na kuamua. Mshika usukani humwazima mikono yake, basi.

Miezi ya kwanza Absar alitamba. Alifunga mafundo amefumba macho. Alipiga mbizi akaibuka mbali, wenzake wakidhani amekwisha. Aliyelala kitanda cha karibu naye, Mominur, kijana wa Dinajpur kaskazini kabisa, alikuwa hajawahi kuona maji makubwa kuliko bwawa la samaki la baba yake, na kila akiingia kwenye bwawa la chuo alikuwa akiita mama. Absar akamfundisha kuelea, akimshika kidevu kama mtoto, huku akimtania kwamba kwao hata bata huvuka mto kwa basi.

Kisha ikaja siku ya usukani.

Chuo kilikuwa na meli ndogo ya mafunzo, na mwalimu wa usukani alikuwa mwanamke, Lutfunnahar, ambaye wanafunzi walimwita madam tu. Alikuwa binti wa mwalimu wa shule huko Cumilla, alisafiri miaka mingi akiwa afisa wa meli, akarudi kufundisha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alimwita Mominur kwanza, na Mominur akaishika meli ikaenda moja kwa moja kama uzi wa fundi mwashi. Akaitwa Absar. Wenzake wakakaa vizuri watazame bingwa.

"Kushoto kumi," akasema madam, akimaanisha nyuzi kumi za usukani.

Absar akaguna kuitikia, na papo hapo mkono wake wa kulia ukafanya kazi. Ukavuta gurudumu upande wake kwa nguvu, na meli ikageuka kulia, ikielekea jahazi la mchanga lililokuwa limetia nanga. Madam akaukamata usukani mwenyewe, akairudisha meli njiani, wala hakupaza sauti.

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mominur, aliyekuwa na deni la matani mengi, akampa jina hapohapo: Nahodha Kinyume. Jina likaenda chuo kizima. Hata mpishi akimpakulia wali alimwuliza kama sahani aigeuze chini juu.

Absar alifikiri ni bahati mbaya ya siku moja. Haikuwa hivyo. Kichwa kilielewa vizuri kabisa kwamba gurudumu likizungushwa kushoto meli inakwenda kushoto. Ukimwuliza amekaa, alikujibu bila kusita. Lakini amri ikitamkwa ghafla, na maji yanapita pembeni, mikono haikumwuliza. Ilifanya ilichofanya tangu utotoni. Mtahini alikuwa akija chuoni siku za Jumamosi, na kila mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kujaribu mara tatu. Mara ya kwanza Absar aliikosa amri ya pili. Mara ya pili alikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, akaambiwa kulia, akaipeleka meli kushoto na kuligonga boya jekundu likalala. Mtahini alilitazama boya likiinuka taratibu, akasema asante, inatosha.

Ikabaki mara moja.

Absar hakumwambia Kohinur. Alimwambia Badi Alam, na Badi Alam akatema mate mtoni, akasema chuo gani hicho kinachomfundisha mtu wa Karnaphuli kupeleka chombo.

Aliyegundua ugonjwa ni madam. Alikuwa akimwangalia wiki baada ya wiki, akaona kitu cha ajabu. Siku ya Alhamisi Absar alikuwa akishika usukani kama watu wengine. Jumamosi asubuhi alikuwa amerudi nyuma kabisa, kana kwamba hajawahi kufundishwa. Akamwita kando.

"Absar, Ijumaa huwa unafanya nini?"

"Nakwenda nyumbani, madam."

"Ukifika nyumbani?"

Absar akatazama viatu vyake. "Madam, mimi ni mtu niliyeoa."

"Sikuulizi hayo. Unavuta kitu? Bangi?"

"Astaghfirullah, madam."

"Basi nieleze tangu unatoka getini mpaka unarudi. Usiruke kitu."

Absar akaeleza. Anatoka baada ya chai na biskuti. Anatembea hadi gatini. Badi Alam anamngoja. Anashika makasia, wanavuka, anaswali msikiti wa kwao, anakula—

"Ngoja," akasema madam. "Nani anashika makasia?"

"Mimi."

"Kwani mwenye chombo ni mgonjwa?"

"Hapana, ni mzima. Lakini mimi ni mtu wa sampani, madam. Nitakaaje?"

Hili lilimchukua madam muda kulielewa, kwa kuwa Cumilla hawana mambo hayo. Kwa watu wa sampani, mwenzao akipanda chombo chako hakai. Anakupokea makasia, nawe unakaa, unawasha sigara, unapumzisha mgongo mpaka ng'ambo. Hakuna anayeombwa na hakuna anayeshukuriwa. Wa kukaa ni abiria. Anayejua kupiga makasia akikaa na mikono mapajani, ni sawa na kumwambia mwenye chombo: mimi na wewe hatujuani, chukua nauli yako. Watu wamewahi kukatana undugu kwa kukaa hivyo.

"Kwa hiyo," akasema madam, "wiki nzima mimi namwaga maji kwenye mtungi, na Ijumaa wewe unautoboa. Kwenda na kurudi."

"Sikujua kama ni hayo, madam."

"Sasa umejua. Kuanzia Ijumaa hii utakaa."

"Madam, bora nivuliwe nguo nivuke uchi."

"Nguo utavaa. Utakaa, na mikono utaikalia. Baada ya cheti kapige makasia mpaka Burma ukitaka."

Ijumaa iliyofuata Absar alishuka gatini mapema, akimwomba Mungu Badi Alam awe upande wa pili. Alikuwa pale pale. Mzee akamwona, akaacha makasia kama kawaida, akasogea kumpisha. Absar akapita, akaenda kukaa katikati, baina ya mama mwenye kuku na mtu mwenye gunia la samaki wakavu. Akaitia mikono chini ya mapaja.

Badi Alam alisimama kidogo. Kisha akayashika makasia tena.

Absar alijaribu kumweleza, kwa sauti ya chini, mambo ya gurudumu na mkono wa kulia na Jumamosi. Mzee hakumtazama. "Mkono unasahau?" akasema, akiwaambia wale abiria wengine. "Mimi mke wangu wa kwanza ana miaka mingi kaburini, na mkono huu bado unaweka kikombe chake pembeni ya changu. Leo naambiwa mkono unachanganyikiwa. Labda wa mabwana wakubwa."

"Ami, ni mpaka nipate cheti tu."

"Sawa, bwana mkubwa."

Walipofika, abiria wakashuka mmoja mmoja wakilipa. Zamu ya Absar ilipofika, Badi Alam akafungua kiganja. Katika maisha yake yote hakuwahi kumtoza nauli. Absar akatoa sarafu, akaziweka, na kiganja kikafunga. Mzee alikuwa anatazama mtoni.

Hilo lilimwuma kuliko jina la Nahodha Kinyume. Kohinur alipomwuliza mbona hali, ikabidi aseme yote, na la mitihani miwili aliyoanguka likatoka humo humo. Kohinur akamwongezea mchuzi wa ng'onda kwenye wali. Kisha akasema kwamba ami Badi atapoa, mzee yule hajawahi kukaa na hasira zaidi ya msimu mmoja wa ndimu; lakini chuo hakina misimu. "Kalia mikono yako," akasema. "Na mimi nitakalia ulimi wangu, mama yako asijue."

Aliikalia. Ijumaa baada ya Ijumaa alivuka kama abiria, akalipa, akashuka. Dawa ya madam ikafanya kazi. Jumamosi zikaanza kufanana na Alhamisi. Mominur alikosa cha kucheka, akasema Nahodha Kinyume anaharibu biashara yake. Madam akapanga mtihani wa tatu Jumamosi ya mwisho kabla ya wanafunzi kuhitimu, maana hiyo ndiyo siku mtahini alipatikana.

Ijumaa ya kabla ya mtihani, baada ya alasiri, Absar alikuwa anarudi chuoni. Sampani ya Badi Alam ilikuwa imejaa: wanawake waliotoka harusini na sufuria zao za nyama, wanafunzi wa madrasa, mtu na baiskeli. Maji yalikuwa yanapwa, na mto ukipwa pale huvuta kwa nguvu kuelekea baharini. Absar alikaa mahali pake, mikono chini.

Katikati ya mto boti ya kuvuta meli ikapita kwa kasi na kuacha mawimbi nyuma yake. Badi Alam alilisukuma kasia la kulia kwa ghafla ili akabili wimbi, na watu wakamsikia akitoa sauti, si ya maneno. Bega lilikuwa limeteguka. Kasia likamponyoka, likabaki linaning'inia kwenye kamba yake. Sampani ikageuka ubavu, ikaanza kuteremka na maji. Chini ya mkondo, si mbali, palikuwa na meli ya nafaka imetia nanga, na mnyororo wake umeingia majini kwa mshazari. Kila mtu wa mto ule anajua kinachozipata mashua zinazosukumwa na maji hadi kwenye mnyororo wa namna ile.

Wanawake wa harusini walianza kusoma Ayatul Kursiyyu. Badi Alam, jasho likimtoka, alijaribu kusukuma kwa mkono mmoja, na sampani ikazunguka tu. Hakumwita Absar. Alimtazama.

Absar alijua kesho ni siku gani. Amesema baadaye kwamba aliiwaza kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho, na tayari alikuwa amesimama. Alipita juu ya sufuria, akamkalisha mzee chini, akalivuta kasia lililoponyoka, akasukuma. Mkono wa kulia, na omo, ncha ya mbele ya chombo, kushoto. Mkono wa kulia tena. Mikono ilifurahi, hilo ndilo lililomtisha. Iliyapokea makasia kama ng'ombe anayerudi zizini. Sampani ikajinyoosha, ikapita mbele ya meli ya nafaka kwa umbali wa kutosha mtu kuona kutu kwenye mnyororo, kisha ikaingia maji tulivu. Yule mwenye baiskeli akasema alhamdulillahi, halafu akauliza kama kuna mtu ameiona kofia yake.

Gatini abiria walilipa na kushuka. Absar akatia mkono mfukoni. Badi Alam, ameshika bega, akautazama mkono ule.

"Ukinipa hela leo," akasema, "nakutupa mtoni kwa huu mkono mzima."

Absar akautoa mkono mtupu. Mzee akamwambia aende akalale, ana kazi kesho. Alikuwa anaikumbuka siku ya mtihani, kumbe.

Asubuhi Absar alimfuata madam kabla ya gwaride, akamweleza. Alitarajia kugombezwa. Madam alisikiliza, akauliza kwanza kama watu wote walifika, kisha akauliza habari ya bega la mzee.

"Siwezi kuusogeza mtihani," akasema. "Mtahini yuko njiani."

"Najua, madam."

"Mikono ikoje?"

Absar akainyoosha mbele. Ilikuwa mikono tu. "Imekumbuka kila kitu," akasema.

Madam akafikiri. "Nimekuwa nikikusikia siku zote," akasema. "Amri ikitoka unaguna, na mkono umeshaenda. Hujawahi kuirudia amri vizuri. Unajua kwa nini tunarudia amri?"

"Ili afisa ajue nimesikia."

"Na ili mkono usikie. Leo mdomo utangulie. Usilisogeze gurudumu mpaka neno la mwisho liwe limetoka. Na useme kwa sauti, si kwa tumbo."

Wakati wa chai Mominur aliiona hali ya mwenzake, akaacha matani. Alichukua sinia la mikate ya kukaanga, akapakua mikate yote kwenye meza, akampa Absar sinia alishike kama usukani. Akasimama nyuma yake akawa afisa.

"Kushoto kumi."

Sinia likaenda kulia.

"Mdomo kwanza, kaka. Mdomo. Kushoto kumi."

"Kushoto kumi," akasema Absar, akangoja, akageuza. Sinia likaenda kushoto. Wenzao wa meza za jirani walikuja kucheka, wakaishia kukaa na kutoa amri wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekosea kuamuru alinyang'anywa mkate. Chai ilipoa. Filimbi ilipolia Absar alikuwa amepiga kelele hadi koo likakauka.

Mtahini alikuwa rubani mstaafu wa bandari, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini kama anayezungumza na mgonjwa. Meli ndogo ikaingia mtoni. Madam akasimama nyuma, kimya, maana mwalimu haruhusiwi kusema neno. Mominur na wengine walikuwa nje ya chumba cha usukani, pua kwenye kioo.

"Kushoto kumi," akanong'ona mtahini.

Absar aliusikia mkono wa kulia ukianza. Anasema ulikuwa kama mbwa anayevuta kamba. "KUSHOTO KUMI, BWANA," akatamka, neno kwa neno, na mkono ukangoja, na neno la mwisho lilipotoka akageuza. Omo ikaenda kushoto. "USUKANI KUSHOTO KUMI, BWANA."

Mtahini akarudi nyuma hatua moja. Akaendelea. Kulia tano. Katikati. Shika hapo hapo. Kushoto ishirini. Kila amri ilinong'onwa, na kila jibu lilisikika gatini. Waliokuwa wakitengeneza nyavu ukingoni waliinua vichwa. Absar alikuwa amelowa mgongo mzima, lakini meli ilikuwa inakwenda inakoambiwa.

Walipokuwa wanarudi, sampani ikachomoza nyuma ya matishari ya mizigo yaliyofungwa pamoja, ikakata njia mbele yao. Mwenye makasia alikuwa kijana, na alikuwa hajawaona. Hapo ndipo mambo yote ya Absar yalipojumlishwa: maji, chombo mbele, na mwili wake uliokuwa unajua la kufanya kabla ya mtu yeyote kusema.

"Kulia yote," akasema mtahini, safari hii kwa sauti ya kawaida.

Mkono wa kushoto ukaruka. Absar akaukaza papo hapo. "KULIA YOTE, BWANA." Maneno matatu tu, na anasema hajawahi kutamka jambo refu kama hilo. Kisha gurudumu likaenda kulia, zunguko baada ya zunguko, mpaka likagota. Omo ikayumba, ikaanza kupinda, ikapinda vizuri, na sampani ikapita ubavuni, ikicheza kwenye mawimbi yao.

"USUKANI KULIA YOTE, BWANA."

Alitazama mbele tu, kama alivyofundishwa. Aliyeona ni Mominur, pale dirishani. Katikati ya sampani ile alikaa mzee mwenye ndevu za hina, mkono mmoja umefungwa kwa shuka shingoni, anavushwa kwenda kwa mganga wa mifupa. Ule mkono mzima alikuwa ameukalia, asije akampokonya kijana makasia.

Meli ilipofungwa gatini, mtahini alivaa kofia yake, akamgeukia Absar.

"Kijana, wewe ni kiziwi?"

"Hapana, bwana."

"Basi mbona unapiga kelele hivyo?"

"Si mimi, bwana. Mikono ndiyo mizito ya kusikia."

Mtahini akamtazama madam. Madam akatazama dari. "Haya," akasema mtahini. "Maadamu imesikia." Akaushuka ubao wa kuteremkia, na kabla hajafika chini akageuka akasema amefaulu, kana kwamba ni jambo alilokuwa amelisahau.

Absar alitaka kukaa, na hapakuwa na kiti, akakaa sakafuni pale pale. Mominur aliingia akimwimbia jina lake la zamani. Madam alitoka nje, akaomba chai, na alipoletewa akainywa yote bila kuweka kikombe chini. Absar aliitazama mikono yake magotini. Haikuwa na kosa lolote, masikini. Akampigia simu Kohinur. Kohinur akasikika akimwita mama mkwe aje asikie habari ya jambo ambalo mama mkwe hakujua hata kama lilikuwapo.

Ijumaa iliyofuata alishuka gatini na nguo zake nyeupe. Badi Alam alikuwa amekaa nyuma ya sampani yake, mkono bado shingoni, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa kwenye makasia wiki ile. Mzee akamwondoa mjukuu kwa ishara ya kidevu. Absar akavua viatu, akasimama penye zile pembe mbili za nyuma, akayashika. Badi Alam akawasha sigara.

Hapakuwa na mtihani kesho yake. Absar akasukuma kwa mikono miwili, makasia yakalia, na ng'ambo watu wakajua ni nani. Katikati ya mto ikabidi alikwepe boya, lile jekundu, ambalo upande mmoja lilikuwa bado na mkwaruzo.

"KUSHOTO KUMI, BWANA," akatamka Absar kwa nguvu, kisha akasukuma kwa mkono wa kulia.

Abiria wote wakageuka. Badi Alam akautoa moshi taratibu. "Kimeshaharibika," akasema. "Nimewapa chombo kizima, wamenirudishia chenye kelele." Lakini alisema akicheka, na hakumtoza nauli.